Kodi Mbili za Mwalimu Tarumbeta

Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha darasa la wadogo, wale wa miaka minne na mitano, na hakuwahi kushika kengele wala fimbo. Sauti yake ilitosha. Akianzisha wimbo wa kunawa mikono, hata wa ofisini walijua saa ya uji imefika. Wenzake walimwita Mwalimu Tarumbeta, na jina hilo alilipenda.

Kisha uvimbe ukamwota shingoni. Madaktari wakautoa, wakamwambia si wa hatari, na kweli haukuwa. Lakini alipozinduka akataka kuomba maji, kilichomtoka kilikuwa upepo mtupu. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ulikuwa umeguswa.

"Huenda sauti ikarudi," daktari alisema. "Tusubiri mwaka mmoja."

Mwaka! Watoto thelathini na wanne hawasubiri hata dakika. Siku aliyorudi darasani alisimama mbele yao, akafungua mdomo, nao wakaendelea kupanda juu ya meza. Alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Siku ya pili alileta filimbi. Wakadhani ni mpira, wakatimkia uwanjani. Saa nne akajifungia stoo, akaketi juu ya boksi la chaki, akalia. Hata kilio hakikuwa na sauti.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mnyoofu, alimwita ofisini.

"Dada, darasa lako limekuwa soko. Mtoto akichomoka getini, utamwitaje?"

"Naomba muda," alinong'ona.

"Mpaka muhula uishe. Nitakuja kukaa darasani mwenyewe. Nikikuta hali ni hii hii, nitaweka mwalimu mwingine, wewe utakwenda maktaba."

Maktaba ya shule ile ilikuwa kabati moja.

Ndipo akamkumbuka shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi baiskeli aliyetundika gitaa katikati ya matairi. Zamani alikuwa akipiga kwenye bendi. Mwenyewe husema bendi ndiyo iliyompiga yeye.

"Shemeji," alimnong'oneza, "nifundishe kupiga nyimbo za watoto. Nina wiki tisa."

Fundi alicheka, kisha akayaona macho yake. Akafuta grisi mikononi.

"Nyimbo za watoto hazina makuu. Kodi mbili zinatosha. Kodi ni vile unavyobana nyuzi zikalia pamoja. Hii inaitwa G. Hii D. Serikali ingetutoza kodi mbili tu, sote tungenenepa!"

Basi kila alasiri akawa anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, pale gereji, akibana, na usiku akiliazima gitaa kwenda nalo nyumbani. Uzi mmoja ulilia, wa pili ukakoroma, wa tatu ukanuna. G ilikuja baada ya wiki mbili. Balaa lilikuwa kuhama kutoka G kwenda D. Vidole vilipapasa kama vya mtu anayetafuta funguo ndani ya pochi.

"Usisimame, shemeji!" fundi alipiga kelele. "Mkono wa kulia umesimama kwa amri ya nani?"

Wiki ya tano hakukuwa na nafuu. Jioni moja, akikamua limau nyumbani, maji yake yalipenya kwenye nyufa za vidole vilivyochanwa na nyuzi, akaruka kwa uchungu. Akalichukua gitaa, akalitupa kitandani.

"Basi. Niende kabatini. Nimeshindwa."

Mumewe, ambaye mazoezi yakianza huhamishia kiti chake nje, alikuja mlangoni.

"Nyumba hii imekuwa kimya mno," alisema. "Hata hiyo mikwaruzo, mke wangu, ni afadhali."

Usiku huo mwalimu hakulala vizuri. Asubuhi akalibeba gitaa hadi shuleni, ijapokuwa hakuwa tayari. Watoto walipoliona walitulia wenyewe, na kitoto kimoja kikaja kuligusa tumbo. Akapiga G. Wimbo wa kunawa mikono walikwisha kuujua tangu enzi za sauti yake, wakaudaka.

Siku nyingine walisikiliza, nyingine hawakujali. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu aliingia, akaketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni.

Mwalimu alianza. Alipofika pa kuhamia D, vidole vikapotea, nyuzi zikanyamaza. Lakini watoto nao walinyamaza, katikati ya neno: "Tunanawa mi..." Vinywa thelathini na vinne vilibaki wazi, vikingoja. Akapata D, akapiga. "...kono!" wakamalizia kwa pamoja. Kila palipokuwa pa kuhama kodi, walisimama hivyo hivyo. Walikuwa wamejifunza wimbo wa gitaa pamoja na makosa yake; kwao ndivyo ulivyokuwa. Alitaka kucheka, alitaka ardhi immeze.

Wakati huo huo mtoto mmoja akachomoka mlangoni. Mwalimu alimwona. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mwalimu mkuu ndiye aliyeinuka akamrudisha kwa mkono.

"Nitakuwekea mtu mlangoni," alisema baadaye. "Muhula mmoja tena. Zaidi ya hapo siahidi."

Mwaka ukatimia, naye alikuwa bado darasani. Daktari akamulika koo, akatikisa kichwa. Sauti haitarudi.

Na darasa jipya likaja, watoto ambao hawakuwahi kumsikia. Alipiga G, wakamkodolea macho. Hawakuwa na wimbo wa kuudaka, na yeye hakuwa na sauti ya kuwapa. Siku tatu alipiga peke yake. Siku ya nne alikwenda darasa la juu, akamwandikia mwalimu mwenzake kwenye karatasi: *Niazime watoto watano wa zamani, kila asubuhi, wiki mbili.*

Walikuja, wakijiona wakubwa, wakawaimbia wadogo. Wiki ya tatu hakuja mtu. Mwalimu alikaa kitini, akapiga G, akangoja. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alianza, polepole, bila uhakika. Wakamfuata wawili. Wengine walikuwa wakipigana mateke. Aliendelea kupiga.