Likizo ya Watu wa Zamu

Mume wangu alipoambiwa tunakwenda Italia, kitu cha kwanza alichouliza ni tunakwenda kwa nani. Nikamwambia hatuendi kwa mtu. Akauliza tena polepole, kama vile mimi ndiye sikusikia vizuri. Nami, jamani, hata mwenyewe nilikuwa sielewi. Kwetu mtu hapandi ndege hivi hivi. Unapanda ndege kwa harusi, kwa msiba, au kwenda kumwona mama yako. Eti kupanda ndege ukatazame bahari! Mimi mzaliwa wa Mombasa, bahari nimeitazama mpaka ikanichosha.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikaa Toronto, mtaa wa Lawrence Heights, mimi na yeye tu, watoto Mungu alikuwa hajatujalia. Na wangetokea wapi? Yeye alifanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo kule Brampton. Mimi mchana nilimtunza bibi mmoja wa Kiitaliano nyumbani kwake, na jioni nilipika katika nyumba ya wazee. Nikirudi, yeye ameshaondoka. Akirudi alfajiri, namkuta jikoni amesimama na koti lake, kama mtu aliyepita tu kusalimia, nami natafuta viatu niwahi basi. Kitanda chetu hakikupoa hata siku moja. Mmoja akitoka, mwingine anaingia pale pale penye joto.

Tulikuwa tunazungumza kwa sahani. Nikimwachia samaki wa nazi, nimemfunika vizuri, ajue nimeridhika. Nikimwachia mkate na siagi, ajue nina neno moyoni. Yeye aliniachia chai kwenye chupa. Chai jana, chai leo, chai kesho. Sasa mtu utasoma nini kwenye chai? Jumapili tulikwenda kanisani pamoja, na kabla mchungaji hajafungua Biblia, mwenzangu alikuwa ameshalala, kidevu kifuani.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyesema wazi kile nilichokuwa nakizungukazunguka. Alisema hiyo si ndoa, hao ni wapangaji wawili. Alikuwa na nyumba Brampton, na chini ya nyumba kuna vyumba vya kupangisha vyenye mlango wake. Aliniambia nihamie, nipumue, nifikiri. Mama mmoja wa Kirundi alikuwa anavitaka vyumba hivyo, na dada alimwomba asubiri mpaka mimi nirudi safari. Nikikanyaga uwanja wa ndege wa Toronto, nimpigie simu nimwambie nakuja au siji. Mume wangu hakujua lolote. Kwa hiyo wenzangu wakienda likizo wanabeba nguo za kuogelea, mimi nilibeba swali hilo: nikirudi, narudi kwa nani?

Safari yenyewe tuliipata kwa yule bibi. Alifariki majira ya kuchipua, na binti yake, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwakatia watu tiketi za ndege, akaniita akanipa ufunguo wa nyumba ya mama yake huko kwao, pwani ya kaskazini, upande wa Genoa. Akasema tiketi ataziandaa yeye. Akasema mama yake alinisimulia nyumba ile kila siku, basi niende nikaione. Ni kweli alinisimulia. Lakini bibi alisimulia kwa Kiitaliano na mimi nilijibu kwa Kiingereza, na mara nikichoka kwa Kiswahili, na sijui kati yetu nani alikuwa akimwelewa mwenzake.

Siku ya kuondoka nikaona mume wangu anaburuta masanduku mawili. Nikamwuliza la pili ni la nini. Ni la zawadi, akasema. Majani ya chai, sabuni, sweta, leso mbili mpya alizokuwa amewekewa na mtu wa kanisani. Nikamkumbusha kwamba kule hatuna mtu. Akasema hakuna mahali pasipo na mtu, na yeye hawezi kufika ugenini mikono mitupu kama mwizi. Nikataka kumbishia, nikaona afadhali. Angalau ameongea sentensi tatu.

Kutoka Genoa tulipanda treni. Treni ile iliingia kwenye shimo la mlima, giza, halafu bahari, ghafla, buluu ya kuumiza macho, na kabla hujasema lo, giza tena. Kila bahari ilipotokea nilimgeukia mume wangu niseme kitu, na kila nilipofungua mdomo tulikuwa tumeshaingia gizani. Basi tukafika kimya.

Kijiji kilikuwa kimening'inia juu ya maji, nyumba za waridi na za manjano, moja imekaa kichwani mwa nyingine, na katikati yake ngazi. Ngazi za mawe, jamani! Za kwenda dukani, za kwenda kanisani, za kushuka baharini. Juu ya nyumba kulikuwa na mashamba ya ndimu yamekatwa kama vitanda mlimani, na ndimu zenyewe kubwa kama maembe. Mume wangu akabeba sanduku la zawadi kichwani ngazi zote hizo, na wazee waliokaa vitini nje ya milango wakamtazama bila kupepesa.

Jirani, mama mtu mzima aliyevaa nguo nyeusi, alikuja kutuonyesha mabomba na swichi. Mume wangu akafungua sanduku, akampa zote. Chai, sabuni, sweta, leso. Mama wa watu akarudi nyuma, akaita binti, binti akaita mumewe, wakasimama mlangoni wanatutazama kama tumekuja kuuza. Sisi tunatikisa vichwa, chukua, chukua, wao wanatikisa vichwa, hapana, hapana. Mwishowe akapokea. Jioni akatuletea sinia la dagaa wa kukaanga na ndimu. Mume wangu akala, akasema sasa angalau tumefika kwa mtu.

Lakini zaidi ya hapo hatukujua la kufanya. Tulishuka baharini, tukakuta ufuko wa mawe, si mchanga, na viti vimepangwa safu kwa safu vya kukodi. Watu wamelala juani wanajigeuza, upande huu ukiiva wanageuza ule. Tukasimama pale na viatu vyetu vya kanisani. Nikamwuliza mume wangu, sasa tukae? Akauliza, tukae tukifanya nini? Tukapanda ngazi tukarudi.

Na ajabu yenyewe ni hii. Saa za kule ziko mbele ya Toronto, na miili yetu hakuna aliyeiambia. Mimi usingizi ulinikataa, nikawa nakaa nje ngazini mpaka karibu na mapambazuko, nikaja kuamka jua la utosi. Yeye alikuwa macho tangu alfajiri, na baada ya chakula cha mchana kope zikamwanguka, akalala mpaka jioni. Nikiingia kulala, upande wake una joto na yeye hayupo. Nikiamka, mezani kuna chai imefunikwa. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nilikaa na kikombe changu dirishani, nikatazama bahari ile nzuri na machozi yakanitoka kwa hasira. Tumevuka dunia nzima, tumekuja na zamu zetu! Basi nikajiambia dada amesema kweli. Huyu mtu na mimi hatukutenganishwa na kazi. Sisi ndivyo tulivyo.

Siku yetu ya mwisho kamili nilimwomba aniamshe anapoamka yeye. Binti wa yule bibi alikuwa amesema kuna njia ya miguu inayopita juu ya bahari kutoka kijiji hiki hadi cha pili, na mama yake aliipenda. Nilitaka kumwambia mume wangu ile habari ya vyumba vya dada tukiwa tunatembea, nisilazimike kumtazama usoni.

Njia ilikuwa nyembamba, ukuta wa mawe upande mmoja, upande mwingine hewa tupu na chini kabisa maji yanapiga mwamba. Yeye akatangulia, kama wanaume wa kwetu wanavyotangulia, na mimi nyuma nazungumza na mgongo wake. Nilianza mara nyingi. Naanza, tunapishana na Wajerumani wenye fimbo, inabidi tujibane ukutani na kutabasamu. Naanza tena, wanakuja wengine. Mwishowe nikachoka na adabu. Nikasimama nikasema yote kwa mara moja: dada, vyumba, mama wa Kirundi anayesubiri, simu ya uwanja wa ndege. Nikasema sijui kama nina mume. Nikasema kama ananitaka aseme, na kama hanitaki aseme vilevile, maana mimi kubahatisha nimechoka.

Akageuka. Hakukasirika, na hilo lilinichanganya zaidi, kwa sababu ugomvi nilikuwa nimeuandaa wote. Akakaa juu ya ukuta mdogo, akavua kofia.

"Kazini wananitoa mapema kuliko unavyojua," akasema. "Kila asubuhi nafika ungali umelala. Nakaa ukingoni mwa kitanda na koti langu mpaka saa yako inapokaribia kulia. Halafu naenda jikoni, nasimama, kama nimeingia sasa hivi."

Nikamwuliza kwa nini haniamshi.

"Umechoka, mama. Nikuamshe nikwambie nini? Mimi wewe nimekuzoea ukiwa umelala. Ukiwa macho, sijui nianzie wapi."

Nilitaka kulia, nilitaka kumsukuma baharini. Miaka yote hiyo mtu amekaa karibu nami, kimya, na koti lake la baridi, na mimi ndani ya usingizi namnung'unikia! Huyo ni mume mwema au ni mpumbavu? Na mimi niliyekuwa namwandikia barua kwa samaki na siagi, ni nani? Wajerumani wengine wakaja, tukajibana tena ukutani, safari hii upande mmoja, bega kwa bega, na walipopita hatukuachana haraka.

Tulifika kile kijiji cha pili saa nane mchana tukiwa na njaa, na tukakuta kimefungwa. Sisemi duka moja. Kijiji kizima. Madirisha yamefungwa, milango imefungwa, hata paka wamejinyoosha kwenye vivuli. Mume wangu akadhani kuna msiba. Akaniambia nivue miwani ya jua kwa heshima, na tukapita mitaa ile polepole kama tunaofuata jeneza. Ndipo tukamkuta mzee mmoja akifunga mlango wa mkahawa wake, anayejua Kiingereza kidogo. Tukampa pole. Akashangaa. Akaeleza kwamba hakuna aliyekufa, watu wamelala. Wote? Wote, akasema. Ndivyo wanavyofanya kila siku, baba, mama, watoto, kila mtu anarudi nyumbani wanakula na wanalala.

Mume wangu akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama jambo la aibu: wanalala wakati mmoja?

Yule mzee akasema naam, sasa watu walale wakati gani mwingine? Akafunga mlango wake.

Treni ya kurudi ilikuwa tupu. Safari hii mashimo yalipita na sikujaribu kusema kitu. Tulipofika nyumbani kwa bibi, yeye kope zilikuwa zimeshaanza kumwanguka kama kawaida, na mimi, niliyeamshwa alfajiri na kutembezwa juani, miguu ilikuwa hainitaki. Nikafunga madirisha kama nilivyoona kwa wenzetu. Akavua viatu akalala upande wake, kisha akainua kichwa akanitazama, kama anayeuliza mimi nakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote. Nikalala upande wangu, na shuka lilikuwa baridi. Sikulizoea hata kidogo. Ilibidi tulipashe joto sisi wenyewe, wote wawili, kuanzia mwanzo.

Kumbe mtu huyo hukoroma. Kukoroma kwenyewe si utani, kama anayeburuta meza. Nilikuwa sijui. Alishika kidole changu kimoja, kidole tu, kama asiye na uhakika kama anaruhusiwa mkono mzima, na mimi nikalala kabla sijaamua chochote.

Toronto tulifika jioni, mvua inanyesha. Yeye akaenda kusubiri masanduku, mimi nikaenda kwenye simu ya ukutani. Nilikuwa nimejaribu kwenye ndege kutafuta maneno, yasipatikane. Dada akapokea kabla simu haijalia mara ya pili, akauliza moja kwa moja nakuja au siji.

Nikamwambia vyumba ampe yule mama wa Kirundi.

Akauliza amenifanyia nini huyo mwanaume huko Italia. Amenipa ahadi? Amelia? Ataacha kazi ya usiku? Nikamwambia hapana, keshokutwa anarudi ghalani kama kawaida, tutazungumza naye habari hiyo ya kazi, sijui itakuwaje. Dada akazidi kuchanganyikiwa, na mimi sikuwa na nafuu kumshinda.

"Sasa mlifanya nini huko wiki nzima?"

Nikamtazama mume wangu kwa mbali, anajinyoosha kuchungulia masanduku ya watu.

"Tulilala, dada," nikasema. "Wote wawili, wakati mmoja."