Siku Niliyomchagua Shosho

Mwanangu, nakumbuka siku moja kule Mau Narok, nilipoambiwa nimchague bibi harusi wangu nikamshika mkono shosho yake, bibi aliyemzaa mama yake.

Wanawake walisimama wamejifunika leso toka kichwani hadi vifundoni, kama ilivyo desturi yetu, na bwana harusi akikosea hutozwa mbuzi. Mabwana harusi wengine hutazama miguu. Mimi niliona ukungu mtupu.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, mkanda wa mashine ya ngano ulikatika ukanipiga jicho la kulia, ndilo pekee lililoona vizuri tangu utotoni. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikabanduka. Nikapasuliwa Nakuru, nikaona, nikarudi shambani nikitamba. Kisha ukungu ukaja kidogo kidogo. Nikajua basi, retina imebanduka tena, nitakuwa kipofu. Nilimpenda Wambui, mchumba wangu, mno, nikaogopa akijua ataniacha. Nikanyamaza.

Shosho alipofunuliwa, boma zima liliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Kijana, wewe huoni. Daktari alikuambia nini ukitoka hospitali?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Alisema baada ya upasuaji wa retina, mtoto wa jicho huweza kuja mapema, hata kwa kijana, na hutolewa. Nami nilidhani hayo ni mambo ya wazee!

"Hata mimi nilikuwa na hiyo kitu," shosho akasema. "Ikatolewa. Saa hii naona mpaka chawa wa kuku. Enda umwambie Wambui, leo leo."

Wambui alinifinya sikio, akalia, kisha akacheka. Tukarudi Nakuru. Daktari akapima, akasema retina imetulia, ni mtoto wa jicho tu, lenzi imeingia ukungu. Akaitoa, akaweka ya bandia.

Asubuhi bendeji ilipofunguliwa, mbele yangu walisimama wanawake wawili wamejifunika leso.

"Haya boss, chagua tena," akasema nesi, ambaye Wambui na shosho walikuwa wamemsimulia kisa chote.

Niliona hadi rangi iliyochunika kwenye kucha ya kidole gumba cha mguu wa Wambui, na kando yake miguu ya shosho. Nikamshika mkono, nikalia kwa furaha, na wodi nzima ikapiga makofi. Mbuzi nililipa, na shosho alikula mapaja yote mawili.

Kwa hivyo mwanangu, daktari akikueleza, sikiliza mpaka neno la mwisho. Ukungu ukirudi, rudi ukapimwe, usijihukumu peke yako. Na anayekupenda mwambie hofu yako mapema. Mungu akutunzie macho, na akupe wa kumtazama.