Sanduku la Misima Halinusi Dhahabu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile duara, yaani shimo la dhahabu, la Kwaluguru lilipotufunika mimi na Juma, mwenzangu wa sururu. Desturi yetu ilikuwa kugonga dari kwa mpini kabla ya kuanza kazi. Mwamba mzima hulia kwa ukali. Uliolegea hulia bu, kama debe lenye unga. Siku hiyo ulilia bu.

Mzee Mbezi, aliyetufundisha kugonga, akasema, "Hapo msiingie. Mwamba umeshasema."

Selemani Kibago, mwenye duara, akacheka. "Mzee siku hizi unaongea na mawe? Vijana, shukeni!"

Namtaja, tena sina haya. Magogo ya kushikilia kuta alikuwa ameyang'oa, akayapeleka duara jingine. Na mkosaji wa pili namtaja pia: ni mimi. Lile bu nililisikia, ila niliogopa kuchekwa kuliko kufa. Juma alibaki humo. Mimi nilitolewa na mguu huu unaouona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wenzangu wanaisema methali hiyo, mimi natembea nayo.

Lakini sasa nimetulia, namshukuru Mungu. Nalinda sanduku la wataalamu la kupimia matetemeko ya ardhi, lililofukiwa hapa Misima. Binti mmoja alipokuja kulikagua aliniamkia vizuri, nami nikamuuliza, "Hivi hili linanusa dhahabu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, dhahabu yenu iko juu mno, hili halina habari nayo!"

Akaishika kamba ya mbuzi wangu iliyofungwa mtini, akaitikisa kushoto na kulia. Wimbi likakimbia mpaka mtini, likarudi mkononi mwake.

"Tetemeko la mbali hutuma wimbi kama hili," akasema, "linayumbisha mwamba kushoto na kulia. Likifika mpaka wa matabaka mawili ya mwamba, mamia ya kilomita chini ya miguu yetu, sehemu yake hurudi. Tunapima limechelewa kiasi gani, ndipo tunauchora mpaka ambao hakuna atakayeuona kwa macho."

"Kumbe na nyie mnagonga dari!"

"Ndiyo, baba. Ila dunia inajigonga yenyewe. Sisi tunasikiliza tu."

Nilitamani Mzee Mbezi angekuwapo.

Sasa nasikia Kibago yuleyule, kichwa cheupe lakini mdomo haujazeeka, amekwambia wewe na wenzako mje Jumamosi mlifukue sanduku hili, mpate ramani ya dhahabu. Mtakuta nyaya na betri, basi, na masikio yaliyokuwa wazi miezi yote hii mtakuwa mmeyaziba.

Mwanangu, ukisikia bu, rudi nyuma, hata wote wakikucheka. Kicheko hakivunji mfupa. Jumamosi njoo, lakini sururu iache nyumbani. Nitakuwa nimekuchemshia chai. Mungu akupe sikio linalosikia na moyo unaotii, na popote utakaposhuka, akupandishe kwa miguu yako miwili.