Fundi Anayerudisha Waya Alioukata

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Enelesi Mwale amepiga magoti kwenye sakafu ya Kanisa la Kuwala, mtaa wa Bangwe, pembeni mwa Blantyre. Mbele yake amplifaya imefunuliwa tumbo. Bisibisi ameibana kwa meno. Mgongoni, ndani ya kitenge, amelala binti yake Tiyanjane, mwenye miezi kumi na minne.

Viatu vyake viko nje pamoja na vya wengine. Katika kanisa hili haingii mtu na viatu, awe muumini au fundi.

Wanawake sita wa kwaya wamekaa benchi la nyuma kabisa. Wamekuja kutazama, si kuimba.

"NaMwale!" mmoja anamwita kwa jina la ukoo. "Hicho kitu kikikohoa tu, sisi tuko nje."

"Kikikohoa mimi ndiye wa kwanza kukimbia," Enelesi anajibu, bisibisi bado mdomoni. "Na nina mzigo mgongoni, mnipishe mlangoni."

Wanacheka. Asiyecheka ni NaNkhoma, kiongozi wa kwaya, mama wa miaka hamsini na minne. Tangu Januari hajashika maiki, na Enelesi anajua sababu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa sababu ni yeye.

Ufundi aliuanza akiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye kibanda cha Dikisoni Malunga, soko la Limbe. Kazi ya kwanza ilikuwa kupangusa vumbi kwenye redio. Mwaka wa pili akapewa pasi ya kulehemu, na baada ya hapo akawa anatumwa makanisani peke yake.

Makanisani malalamiko yalikuwa mamoja. Kinanda kikiunganishwa na amplifaya, spika zinavuma *mmmm* kuanzia sala ya kwanza hadi ya mwisho. Watu wa Bangwe wanauita mvumo huo ng'ombe.

Dawa ya Dikisoni ilikuwa fupi. Unafungua plagi ya amplifaya, unakata waya wa kijani na njano, unafunga. Ng'ombe ananyamaza papo hapo.

"Dakika tano tu," anasema Enelesi. "Unapewa kwacha elfu kumi, na mchungaji anakuombea juu yake. Hakuna aliyeniambia ule waya ni wa nini. Nilidhani ni wa akiba."

Kwa miaka mitatu alikata waya huo katika makanisa kumi na manne.

Ule ni waya wa ardhi. Umeme ukitoroka ndani ya kifaa na kugusa bati la nje, waya huo ndio unaoupeleka chini, fyuzi inakatika, mambo yanaishia hapo. Bila huo, bati linabaki na umeme wake, linamsubiri mtu. Na watu wa hapa huimba miguu mitupu.

Januari mwaka huu mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na sakafu ya Kuwala ilikuwa inachuruzika. Ndani ya amplifaya kuukuu, waya mmoja ulikuwa umechunika ngozi na kugusa bati. NaNkhoma akashika maiki ya chuma aanzishe wimbo. Akaanza kutetemeka.

"Na hapo ndipo palipokuwa na balaa," anasimulia NaNkhoma mwenyewe. "Kanisani kwetu mtu akitetemeka, ni Roho. Wakaongeza sauti! Ngoma juu, vigelegele juu. Mimi nakufa, wao wananipigia makofi."

Aliyeshtuka ni mwimbaji mmoja wa safu ya pili, aliyeona vidole haviachii. Alivua kitenge chake, kilikuwa kikavu, akakizungusha kwenye mkono wa NaNkhoma na kuvuta kwa nguvu zote. Wote wawili wakaangukia kwenye ngoma.

Habari zilimfikia Enelesi kesho yake. Alikwenda kanisani, akafungua plagi.

"Niliujua mkato wangu. Mimi hukata mshazari," anasema. "Tiya alikuwa na miezi mitano. Maziwa yalinikauka siku mbili."

Mwezi uliofuata alijiandikisha darasa la jioni la umeme katika chuo kimoja cha ufundi mjini, jioni tatu kwa wiki, kwacha elfu themanini na tano kwa muhula. Zilitoka kwenye akiba ya mabati ya nyumba. Alikaa karibu na mlango ili mtoto akilia atoke haraka. Mwalimu wake, Bwana Jumbe, siku ya kwanza alimtazama, akasogeza benchi mbali na upepo, akaendelea kufundisha.

Kutengeneza alijua. Kwa nini kifaa kinatengenezeka, hakujua. Miezi miwili ya kwanza hawakushika kifaa chochote, ni kuchora njia za umeme ubaoni na kupiga hesabu.

"Nilitaka kuacha," anasema. "Halafu siku moja mwalimu akasema umeme ni kama mtu aliyetumwa, lazima arudi alikotoka. Usipompa njia atajitafutia. Nikamwona NaNkhoma palepale ubaoni."

Nyumbani alianza kujaribu vyake kwa betri. Alijenga amplifaya ndogo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ya pili akaifanya ivume kusudi, apate kumwinda huyo ng'ombe mpaka zizini kwake. Mumewe, Wisiki, dereva wa lori la chai la Thyolo, alirudi akakuta meza ya chakula haina pa kuweka sahani ya nsima.

"Hata kopo la chumvi lina spika siku hizi," Wisiki anasema. "Nilimwambia, mama Tiya, nikilala usije ukanifungua na mimi."

Ng'ombe alipatikana mwezi wa Juni. Kinanda kilikuwa na njia yake ya ardhi, amplifaya na yake, na waya wa muziki ulikuwa umeziunganisha zikawa duara. Mvumo ulikuwa unazunguka humo. Ukikata waya wa ardhi unalivunja duara kweli, lakini unamvunja na mlinzi. Njia sahihi ni kulikata duara kwenye waya wa muziki.

Kwa hilo Enelesi anatumia transfoma ndogo kama nusu ya kiberiti, anayoichomoa kwenye simu kuukuu za mezani zilizotupwa na maofisi. Sauti inaingia upande mmoja na kutokea wa pili bila waya kugusana, kama majirani wanaopeana habari juu ya ua. Moja huipata kwa kwacha elfu mbili kwa wauza vyuma chakavu. Makanisa kumi na manne hayalipishi.

Dikisoni hakufurahi. "Shule imekuharibu, binti," alimwambia mbele ya wateja. "Kazi ya dakika tano sasa unaifanya siku nzima, tena bure!"

"Na ya kwako ya dakika tano nusura itupeleke msibani, bambo," Enelesi alimjibu, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

Walikaa wiki mbili bila kusalimiana. Kisha asubuhi moja Dikisoni akaja na simu kuukuu tatu kwenye mfuko, akaziweka mezani kwa Enelesi, akaondoka.

Leo, Kuwala ni kanisa la tisa. Lilipaswa kuwa la kwanza. "Niliogopa macho yao," Enelesi anakiri.

Sasa amefunika amplifaya. Waya uliochunika ameubadilisha, wa ardhi umerudi mahali pake, transfoma imekaa kwenye waya wa kinanda. Anapima bati kwa mita, anapima maiki, anarudia. Ndipo anamfungua Tiyanjane mgongoni, anamkabidhi kwa mwanamke wa karibu, anachukua ndoo na kumwaga maji sakafuni. Anasimama katikati ya maji, miguu mitupu, anashika maiki.

Spika ziko kimya. Ng'ombe hayupo.

"Imba basi!" anapiga kelele mmoja. "Kushika tu hata mti unashikwa."

Enelesi hajui kuimba. Anaanzisha wimbo wa kufungulia ibada, anaukosa mstari wa kwanza, wa pili anaupandisha mahali pa kushuka. Spika hazimfichi. Benchi la nyuma linajishika mbavu.

NaNkhoma anavumilia mistari minne. Wa tano unamshinda. Anainuka, anakanyaga maji, anamnyang'anya maiki.

"Hapana, hapana! Unaua wimbo wa watu, mwanangu. Ni hivi."

Anaimba ubeti mmoja mzima. Kwenye kiitikio ndipo anapotazama mkono wake na kuona alichoshika. Sauti inasita kidogo. Kisha anaendelea, na benchi la nyuma linaitikia.

Yamebaki makanisa matano, na mvua haziko mbali, pengine wiki tatu. Mawili yamekubali. Matatu yamemjibu kwa simu kwamba spika zao hazivumi, zina shida gani? Mvua zikipita salama, Enelesi anataka kufungua darasa la Jumamosi kwa kina mama wa Limbe, na somo la kwanza litakuwa la plagi.

Kwanza hayo matatu. Jumanne anaanza na la Chilomoni, na hataenda peke yake. NaNkhoma ameshasema atafuatana naye.

"Mimi nikieleza njia za umeme, wachungaji wanasinzia," anasema Enelesi akimfunga mtoto mgongoni. "Yeye atawafunulia kiganja waone kovu la ile maiki. Kisha mimi nitatoa bisibisi yangu."