Brashi ya Fundi Sele

Kila aliyepita kwenye klabu ya mashua alisimama kidogo kuitazama mashua ya Robert. Ilikuwa mashua ya matanga ya kusafiria mbali, na kingo zake, mlango wake wa kushukia ndani na kana yake, ule mti wa kushikia usukani, vyote vilikuwa vya mtiki uliopakwa vanishi ukaiva rangi ya asali. "Kazi ya Fundi Sele hiyo," watu waliambizana. Fundi Sele mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kopo tupu la rangi, kwenye kivuli cha turubai, akizipokea sifa kwa kutikisa kichwa. Mkewe, Samiha, alikuwa juu sitahani, amepiga magoti, msasa mkononi, vumbi la mtiki limemjaa puani.

Si kwamba Sele hakuwa fundi. Alitoka kijiji cha Kigombe kijana mdogo akaja Tanga mjini na kujifunza vanishi mpaka wenye mashua wakawa wanamgombea. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Ulianza kumwaga kahawa, ukaja kumwaga vanishi. Rangi ya kawaida ikichuruzika huipitia tena na watu wasijue. Vanishi haifichi kitu. Kila tone na kila kusita huonekana, na jua hupenyea hapo hapo penye kosa likaibambua yote.

Samiha alikuwa akiwapamba mabibi harusi wa mtaa wa Chumbageni kwa hina na piko tangu usichana wake. Mkono wake ulizoea kwenda bila kurudi nyuma. Asubuhi moja Sele alimpa brashi akasema, "Hebu malizia hapo, Mama Hiba, mgongo unaniuma." Hakusema mkono, na Samiha hakuuliza. Alimaliza ukingo ule, na tangu siku hiyo Sele hakuishika brashi tena.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Robert, Mzungu aliyeijua Tanga kuliko kwao, husafiri kila kiangazi akaiacha mashua mikononi mwao. Kazi ilikuwa na saa yake, umande ukishakauka na kabla upepo wa baharini haujainua mchanga. Samiha alisugua, akafuta kwa kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akapaka tabaka jembamba, ikikauka akasugua tena na kupaka tena. Kanuni kubwa ilikuwa moja. Ukianza ubao huachi njiani. Brashi lazima ikute pale ilipoishia pangali pabichi, la sivyo patabaki alama kama kovu, na kovu hilo dawa yake ni kuanza upya.

"We mwanamke," Imakulata, mpishi wa klabu, alikuwa akimwambia kutoka dirishani, "mwenzio analipwa kwa kukalia kopo, au kopo ndilo fundi?"

"Mwache baba wa watu apumzike."

"Apumzike nini, naye hajachoka!"

Samiha alicheka naye, lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani. Robert akirudi alimshika Sele bega na kumsifu mbele ya watu, kisha akamgeukia yeye na kusema, "Mama Hiba, asante kwa kumletea mzee chakula." Naye alitabasamu.

Mwaka huu klabu ilitaka fundi wa kudumu wa kutunza mbao za mashua zote, na neno la Robert ndilo lingeamua. Samiha hakungoja Sele amalize chai.

"Safari hii useme, Baba Hiba. Kazi waandike jina lako, sitaki ugomvi. Ninachotaka ni yule mtu ajue ni mkono wa nani."

"Nitasema."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Wallahi nitasema. Unataka nile yamini mara ngapi?"

Robert alikuja na viongozi wawili wa klabu, simu yake tayari mkononi. "Shikamoo, Mzee Sele!" alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Nimewaahidi wenzangu kwamba leo watauona mkono wa fundi ukipaka." Kana ilikuwa imelazwa juu ya vigogo viwili, imesuguliwa laini, ikingoja vanishi ya mwisho.

Sele alisimama. Aliitazama brashi, akamtazama mkewe.

"Leo nina kubwa zaidi la kuwaonyesha," Sele alisema. "Huyu mke wangu nimemfundisha mwenyewe, tangu hajui brashi inashikwa wapi. Mtazameni." Akapaza sauti. "Mama Hiba, usiogope. Fanya kama nilivyokuelekeza. Polepole."

Wageni wakapiga makofi. Samiha akachukua brashi, maana hakujua afanye nini kingine, akaanza kupaka. Vanishi ililala juu ya mtiki kama maji yaliyotulia.

"Mwalimu hodari!" Robert alisema.

"Ah, mkono anao," Sele alijibu huku akicheka. "Ila ukimwacha peke yake anaboronga. Lazima nimsimamie."

Brashi ilikuwa imefika katikati ya kana. Samiha akasimama hapo hapo. Akageuza brashi, mpini ukamwelekea mumewe.

"Basi mwalimu amalizie."

"Endelea, endelea, we."

"Panakauka, Baba Hiba." Alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Ndiyo, Mzee Sele!" Robert aliinua simu. "Tuone!"

Sele alipokea. Brashi ilidonoa mti kama kuku, ikaacha matone, ikamchafua shati. Alishika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto, akajaribu tena, na tena. Mmoja wa viongozi aligeuka akatazama kwingine. Robert akaishusha simu taratibu.

Samiha alidhani angefurahi. Badala yake alijiona kama mtu aliyemvua mwenziwe nguo njiani.

"Tangu lini?" Robert aliuliza.

Samiha ndiye aliyejibu. "Mwaka wa tatu huu. Kingo, mlango, kana. Yote ni kazi yangu mimi."

Maneno hayo alikuwa ameyasema kimoyomoyo mara nyingi akipiga msasa. Kwa nje yalitoka madogo.

"Nilipokuwa namsifu," Robert alisema, "wewe ulikuwa umesimama pale pale, Mama Hiba. Ulikuwa unatabasamu."

Ilikuwa kweli.

"Kazi ni nzuri. Nzuri sana. Lakini watu wataacha mashua zao hapa na kwenda zao kwa miezi. Wanataka mtu wa kumwamini. Mmenidanganya wote wawili, niwaambie nini wenzangu?"

Wenzake walikuwa wamekwisha kuondoka kuelekea jikoni kutafuta soda.

Sele aliweka brashi chini akatoka bila kuaga. Samiha alibaki. Alilowesha kitambaa kwa thina, akaifuta kana yote, nusu yake na nusu ya mumewe, mpaka mti ukabaki mtupu, kwa sababu kuiacha vile hakuweza. Robert alimtazama mpaka akamaliza.

Samiha alimkuta Sele nje ya lango, amesimama juani. Wakaanza kurudi Chumbageni, mume mbele, mke nyuma.

"Ungevumilia tu," Sele alisema bila kugeuka. "Kazi ingekuwa yetu."

"Uliniapia."

"Na mkono huu niupeleke wapi sasa? Nani atanipa hata kopo la kukalia?"

Walivuka barabara.

"Mimi nilitaka mtu mmoja tu ajue," alisema mwishowe.

"Haya," Sele alisema. "Amejua."