Samli ya Sukumaran

Mganga wa Palakkad aliwapa Thankamani na mumewe Sukumaran samli ya dawa, kila mtu chupa yake, maana mtoto hatafutwi na mmoja. Miaka miwili Thankamani aliinywa kila asubuhi, chungu kama shubiri. Chupa ya Sukumaran nayo ilipungua, ila mdomo wa mwenyewe haukunuka dawa hata siku moja.

"Samli unainywea wapi, bwana?"

"Uani. Unanipeleleza?"

Mama mkwe akadakia, "Mwenzio anakunywa. Mgumba ni wewe."

Kesho yake Thankamani alijibanza nyuma ya kisima, akamwona mumewe akiimimina samli kwenye kifuu cha nazi. Paka akaja mbio, akailamba. Thankamani akamwita mkwewe.

"Mama, anayekunywa ndiye huyu. Na ameshazaa mara tatu."