Soketi za Nyumba ya Mama

Nakumbuka Ijumaa moja nilivyoingia Mbinga mjini nimejaa majivuno. Nilikuwa mwalimu kijana, nguzo za umeme zilikuwa zinateremka kuelekea ziwani, na mimi nilitaka mama yangu kule Kihagara, kando ya ziwa, apate nyumba nzuri kabla ya mvua. Aliyokuwa anakaa ilikuwa ya tofali mbichi, ukuta wa nyuma umeshapinda, na mvua ikinyesha mimi huku juu silali. Shida ni kwamba mama alishasema hahami.

Mwanangu, wewe unayejifunza kuchora nyumba kwa kompyuta, sikiliza hapa. Mchoraji wetu alikuwa Mzee Kapinga, mtu wa maneno machache, aliyeacha penseli na kuhamia kwenye kompyuta mvi zikiwa tayari zimeota. Kwenye kioo, ukuta ulikuwa mistari miwili, na soketi ni nusu duara iliyobandikwa ukutani. Nikamtajia zangu: tano sebuleni, za televisheni, redio kubwa, feni na sijui nini tena. Chumbani moja. Jikoni sikutaja hata moja. Kila alipobandika soketi, kidirisha kilifunguka kuuliza kimo kutoka sakafuni, na ndani yake tarakimu ilikuwa imeshaandikwa. Hapo akasimamisha kazi.

"Mwalimu, mama anainama vizuri?"

"Mama ni mzima, mzee. Tena naona kompyuta imeshajaza yenyewe."

"Kompyuta haijawahi kumwona mama yako. Wewe umemwona lini?"

Swali lile lilinikera, sikufichi. Nilikuwa nimemwona Krismasi, siku ya sherehe, amevaa kitenge kipya na amekaa kitini. Mzee akaendelea kuuliza: kitanda anakiweka ukuta upi, mlango wa chumba ufungukie wapi, simu anachajia wapi, pasi anapiga amekaa au amesimama. Sikujua. Akachapa ramani kwenye karatasi, akaniambia niende nayo kwa mama na nisirudi bila majibu. Alisema kwa upole kabisa, kana kwamba ananiagiza sukari dukani, na ndiyo maana iliniuma.

Jumamosi nikateremka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona ghafla? Kuna heri?"

Nikamtandikia karatasi mezani. Akaitazama, akaigeuza, akauliza, "Mimi nipo wapi hapa?"

Nikamwonyesha chumba chake. Akacheka. "Na hivi vidude vyote sebuleni?"

"Soketi, mama. Za umeme."

"Basi hii ni nyumba ya wageni. Jengeni tu, mimi nitakuwa ninakuja kufagia."

Sikubishana. Nilishinda naye siku nzima, nikaona mambo. Mama hakuwa anaketi tena kwenye kigoda. Mihogo alimenyea kwenye kiti cha plastiki, na akitaka kuokota kitu chini alishika ukuta kwanza, akashuka taratibu, uso umekunjamana. Magoti yalikuwa yamekwisha na hakumwambia mtu. Redio yake ndogo aliitundika jikoni, maana huko ndiko alikoshinda, akigeuza samaki wake wa mbasa motoni na kubishana na mtangazaji. Sebuleni hakuwa anakaa mtu. Nilipomuuliza soketi ziwe juu kiasi gani, aliinua mkono akaugusisha ukutani, usawa wa kiuno. Nikapima hapo hapo. Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu pia.

Mzee Kapinga alipokea majibu bila kunisimanga. Akachora kwanza kitanda, meza ya jikoni, na mlango na upande unakofungukia, ndipo akarudi kwenye soketi: mbili jikoni, moja kichwani mwa kitanda, sebuleni mbili zikatosha. Kwenye kila kidirisha akafuta tarakimu ya kompyuta, akaandika ya mama, na kimo hicho akakionyesha pembeni ya alama ili fundi umeme asibahatishe wakati wa kuchimba ukuta. Nilipompelekea mama karatasi mpya, alifuata meza ya jikoni kwa kidole, akauliza mafundi wanaanza lini.

Alihamia kabla ya mvua. Likizo iliyofuata nilimkuta amesimama jikoni, anachomeka chaja ya simu huku ananisimulia habari za jirani, mgongo umenyooka, hata ukutani hatazami. Hakuwahi kuzisifu soketi zile. Ule ukuta wa nyuma wa nyumba ya zamani ulianguka mvua zile zile, upande alikokuwa analala.

Basi, mwanangu, programu yako itakupa alama nzuri kuliko zile, na kimo itakujazia bila kuulizwa. Usikubali haraka. Alama kwenye ramani inakwambia soketi iko ukuta gani, lakini mkono utakaoifikia anao mwenye nyumba mwenyewe. Nenda kamuulize. Ukishamuuliza, kaa umwangalie anavyoishi, kwa sababu wazazi wakiulizwa hali husema nzuri hata wanapojikokota. Panga kwanza kitanda chake na jiko lake, soketi zifuate. Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kukaa na watu, na wote utakaowachorea nyumba wahamie kwa hiari yao, wazeeke humo kwa amani.